Dohani Isibomolewe



Mwezi uliopita palizuka mabishano nyumbani kwetu Temeke, na kwa muda wa juma zima hayakutuacha tule kwa raha. Hatukubishania kiwanja wala mirathi. Tulibishania dohani. Nimeona niyaandike hapa kwa sababu, kadiri tulivyozidi kubishana juu ya ukuta ule wa jikoni, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tuliyokuwa tukiyasema yanaihusu pia lugha yetu.

Nyumba hiyo marehemu baba yangu aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa akifanya kazi bandarini. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Temeke, Magomeni na Ilala: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, mlango wa nyuma, na huko uani ndiko liliko jiko na choo. Jambo moja tu liliitofautisha na za majirani. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mwashi aliyewahi kujenga nyumba za maofisa wa kikoloni, na alipojijengea mwenyewe alihamishia jikoni kwake ujuzi alioupata huko: alijenga dohani ya matofali. Kwa chini imejitokeza kutoka ukutani mfano wa tumbo, na ndani ya tumbo hilo mna nafasi ya kuenea mafiga matatu na kuni zake. Juu yake inapungua upana mpaka inakuwa shingo, inapenya bati la paa na kutokeza nje kiasi cha dhiraa mbili. Mama yangu alipikia hapo, kisha mke wangu, kwa jumla ya miaka isiyopungua hamsini.

Binti yetu mkubwa ndiye aliyeleta mabadiliko. Alitununulia jiko la gesi la plate nne lenye oveni, akaleta na fundi wa kulipachika. Fundi alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, nikamwitikia, akaingia jikoni, akaupigapiga ukuta kwa kiganja, kisha akasema: "Mzee, hii chimni tuibomoe, tupate nafasi. Au kama mnaihurumia, tuizibe juu kwa zege, na humu chini tuweke mtungi. Pameenea kabisa, utadhani pametengenezewa mtungi."

Katika maneno hayo machache mlikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la lugha, la pili ni la hatari. Nitaanza na la lugha, kwa kuwa ndilo jepesi.

Nilimwuliza kijana, "Chimni ni kitu gani?" Akanionyesha ukuta. Nikamwambia kwamba sisi tuliosoma kwa taa ya mafuta tunaijua chimni, au chemni kama wengine walivyoiita: ni kile kioo chembamba kinachovishwa juu ya utambi ili upepo usiuzime na mwanga utulie. Neno hilo lilitoka kwa Waingereza, likaingia katika Kiswahili, likapewa kazi ya kioo cha taa, kwa sababu kazi ya bomba la moshi la nyumba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Mwenye kazi hiyo alikuwa dohani. Asili ya dohani ni neno la Kiarabu lenye maana ya moshi, na wazee wetu hawakulitumia kwa nyumba tu. Meli za kwanza zilizokwenda kwa mvuke waliziita merikebu za dohani, kwa kuwa macho yao yalipoitafuta milingoti na matanga yaliona bomba linalofuka. Basi tulikuwa na maneno mawili, kila moja na mahali pake. Kijana alikuwa amelitoa moja kwenye taa, akalipachika ukutani, na la ukutani akalitupa bila kujua kwamba lilikuwapo.

Sikumlaumu. Taa yenyewe hakuikuta, na dohani ya kwanza kuiona huenda ikawa ni hiyo yetu. Alicheka, akasema, "Sawa, Mwalimu, tuibomoe basi hiyo dohani."

Hapo ndipo nilipokasirika, na hapo ndipo mke wangu aliponizuia.

Lazima nikiri jambo ambalo si zuri kulikiri mbele za watu. Nilisomea ualimu Chang'ombe, chuo ambacho mwaka 2005 kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, nikafundisha Kiswahili katika shule za sekondari hadi nilipostaafu. Katika miaka hiyo nilitunga mashairi mengi, na miongoni mwake lilikuwamo moja la kuusifu moshi wa jikoni, harufu ya kuni za mwembe, na macho ya mama yanayotokwa machozi yasiyo ya huzuni. Nililisoma katika mahafali, watu wakapiga makofi. Sikuwahi hata siku moja kukaa mbele ya moshi huo muda wa kuiva maharage.

Mke wangu alikaa. Dohani ile haikuwa ikivuta vema, maana kwa miaka mingi haikusuguliwa, na nyakati za masika, kuni zikiwa mbichi, moshi ulirudi chini ukajaa jiko zima. Kikohozi chake kilianza kama cha mafua. Kilipotimiza mwaka wa tatu tulikwenda hospitali, na daktari, kabla hajaweka chombo kifuani, alimwuliza swali moja tu: "Mama, unapikia nini?"

Basi siku ile ya fundi, nilipoanza kuitetea dohani kwa ufasaha wangu wote, mke wangu aliniambia mbele ya binti yetu na mbele ya mgeni: "Baba Rehema, wewe moshi unaujua kwenye beti. Mimi naujua kifuani."

Nilinyamaza. Tangu hapo nimeyachoka mashairi yote yanayousifu moshi, la kwangu likiwa la kwanza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mimi naliunga mkono jambo hilo bila kusitasita. Asije msomaji akadhani kwamba mzee huyu anataka turudi kwenye kuni ili apate tamathali za semi.

Lakini kuukataa moshi si kuibomoa dohani. Na hapa naingia katika lile kosa la pili la fundi, ambalo naomba msomaji anivumilie nilieleze kwa utulivu, maana ni la uhai.

Gesi tuijazishayo mitungini ni propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Ikivuja, haipandi. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, na ikikuta shimo au pembe iliyofungwa inatuama hapo ikingoja cheche. Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004 kwa bomba, tabia yake ni kinyume: ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda. Watu wengi huziita zote "gesi" na kudhani kwamba tabia yao ni moja. Aliyezoea kuni naye hudhani kwamba kila kibaya cha jikoni hukimbilia juu, kwa sababu moshi ndivyo ufanyavyo. Sasa fikirini: fundi alitaka kuweka mtungi ndani ya tumbo la dohani, mahali penye kuta pande tatu, kisha aizibe shingo kwa zege. Angekuwa ametujengea kisima cha gesi ndani ya nyumba.

Kubomoa nako kulikuwa na hatari yake. Lile tumbo la chini ndilo linaloibeba shingo. Matofali yote yaliyo juu, hata yale yaliyotokeza nje ya paa, uzito wake unashukia kwenye pau moja ya chuma iliyolala juu ya mdomo wa meko, na kutoka hapo kwenye mashavu mawili ya tumbo. Ukiliondoa tumbo na kuiacha shingo, kwa kuwa shingo haichukui nafasi na kuishusha ni gharama, umeuning'iniza mzigo hewani. Unaweza kukaa mwaka mzima, ukashuka usiku mmoja wa mvua.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Kwanza dohani ilisuguliwa kutoka juu hadi chini. Yalitoka masizi ya kujaza debe mbili, na kiota cha ndege kilichokuwa kimeziba nusu ya njia. Usafi huo ulikuwa lazima hata kama hatutawasha ukuni tena, kwa maana gesi inapowaka hutoa mvuke, na mvuke ukigusa masizi ya zamani huyalowesha, yakachuruzika ukutani na kuuchora mifereji myeusi. Pili, juu ya shingo tuliweka kofia ya bati, iliyoinuliwa kwa vyuma vinne, ili mvua isiingie na hewa ipite. Tatu, tulitoboa tundu la ukubwa wa tofali mbili chini kabisa ya ukuta, karibu na sakafu, likatazama uani na kufungwa kwa wavu wa kuzuia panya. Tundu hilo ndilo mlango wa gesi, kama itavuja, na ndilo linaloingiza hewa mpya ili dohani ipate cha kuvuta. Nne, mtungi tuliuweka nje, umesimama wima, chini ya kijipaa cha kuukinga na jua, na bomba la shaba likapenya ukuta mpaka kwenye jiko. Tano, jiko lenyewe tuliliingiza ndani ya tumbo kiasi tu, vitufe vyake vikabaki mbele panapofikika, na pau ya chuma haikuguswa. Mwisho, kila kiungo kilipakwa povu la sabuni tuone kama kuna mapovu yanayovimba. Yeyote atakayewaambia wajaribu kwa njiti ya kiberiti, mtoeni jikoni.

Sasa mvuke wa wali, harufu ya samaki na joto la oveni hupanda kwa njia ile ile uliyopanda moshi wa mama yangu. Dohani imeacha kubeba moshi, lakini haikuacha kazi.

Narudi kwenye lugha. Nilipokuwa nikimweleza fundi habari ya tumbo linaloibeba shingo, nilijisikia kama niliye darasani, na somo lenyewe likawa limehama kutoka ujenzi kwenda Kiswahili. Maana msamiati wa jikoni umejengwa vivyo hivyo. Chini yako maneno ya kugusika, ya mawe, kuni na vyungu. Juu yake zimesimama maana ambazo hazigusiki, tunazozitumia mahakamani, bungeni na katika ushairi. Tukiziondoa zile za chini tukadhani za juu zitabaki, tunajidanganya.

Chukueni neno uchochezi. Kila mwanafunzi analijua, kwa kuwa analisikia katika habari. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu nini maana ya kuchochea kuni. Katika darasa zima walijibu wawili, na wote wawili walikuwa wametoka bara mwaka ule ule. Wengine waliliona neno uchochezi kama jina la kosa tu, lisilo na mkono unaosukuma ukuni ndani ya meko ili moto uliolala uamke. Kosa wanalijua, picha hawana.

Au chukueni kijinga cha moto. Katika jaribio la ufahamu niliweka kifungu kinachomtaja mzee aliyetoka usiku ameshika kijinga cha moto. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mzee huyo alikuwa na "moto wa kipumbavu". Nilicheka peke yangu chumba cha walimu, kisha nikaacha kucheka. Mtoto hakukosea sarufi. Alikosa ukuni unaowaka.

Au mafiga. Kila baada ya miaka mitano tunasikia majukwaani wito wa mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Ni tamathali nzuri, na imedumu kwa sababu wapiga kura wengi bado wanaujua uzito wa chungu juu ya mawe matatu. Itafika siku mpiga kura atadhani mafiga ni cheo. Na ile methali isemayo figa moja haliinjiki chungu, nitaifundishaje kwa mtoto ambaye hajui figa wala hajui kuinjika? Nitampa maneno mawili magumu ili aelewe jambo jepesi, ilhali methali ilikusudiwa kufanya kinyume chake.

Hapo ndipo mke wangu, asiyejali nadharia za lugha, alinifundisha jambo. Siku ya pili ya jiko jipya nilimsikia akimwagiza mjukuu: "Zima lile figa la kushoto, uji utafurika." Mjukuu akazima. Hakuuliza figa ni nini, kwa maana lilikuwa mbele yake, linawaka. Katika nyumba nyingine za Dar es Salaam hicho kinaitwa plate, ingawa si sahani wala hakifanani na sahani. Mke wangu alikiita figa kwa sababu hufanya kazi ya figa. Nilisogea nikatazama kwa makini. Kila mahali pa kuwakia pamezungukwa na vidole vya chuma vinavyoinuka na kuibeba sufuria juu ya mwali. Ni mafiga yale yale, yamesogezwa karibu na kufungwa pamoja. Aliyelibuni jiko lile hakuikwepa hesabu ya bibi zetu kwamba chungu hakisimami juu ya ncha moja.

Naomba msidhani kwamba hili ni jambo la mke wangu peke yake. Kiswahili kimekuwa kikifanya hivyo siku zote, pale kinapoachwa kifanye. Mtungi ulikuwa wa udongo, wa kutekea na kuhifadhia maji. Leo ni wa chuma, wa gesi, na bado tunasema "kujaza mtungi" kama walivyosema waliokwenda kisimani. Hakuna aliyeitisha kikao. Jiko lenyewe ni neno lililotembea mbali. Kamusi za zamani zinatoa wingi wake kuwa meko, kwa kanuni ile ile iliyotupa jino na meno. Baadaye vizazi vilizoea kusema majiko, na meko likabaki na maana yake ya mahali pa kuwashia moto, na wengine wakalifanya umoja. Jiko likawa chumba, likawa chombo cha mkaa, likawa cha umeme na cha gesi, na bado mwanamume anapooa tunasema amepata jiko. Neno moja limevaa kazi tano na halikupasuka. Hiyo ndiyo dohani iliyosuguliwa.

Wapo watakaonipinga kwa pande mbili, nami nawaheshimu wote.

Wa upande wa kwanza watasema: Mwalimu, maneno huzaliwa na kufa, tuache yaliyokufa yazikwe. Kama vijana wanasema plate na chimni, hicho ndicho Kiswahili chao. Nawajibu kwamba silichukii neno la kuazima. Gesi ni la kuazima, dohani yenyewe ni ya kuazima, na sahani pia. Ninachokipinga ni kuazima kitu ambacho kiko ndani ya nyumba yako, tena kwa kutojua kwamba kiko. Usiache mbachao kwa msala upitao. Anayekopa sufuria kwa jirani hali yake imeanguka nyuma ya mlango hajafanya jambo la kisasa. Hajafagia tu.

Wa upande wa pili ni wenzangu, wazee wa ushairi. Hawa watasema: msamiati wa asili uhifadhiwe ulivyo, gesi na oveni zisikanyage beti. Kwa hawa nina maneno makali zaidi, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Shairi linalotaja mafiga na kuni na moshi, limetungwa na mtu anayepikiwa kwa gesi, kwa mwanamke anayekohoa kwa sababu ya moshi huo huo, ni shairi la uongo hata kama mizani yake imekamilika. Kulihifadhi neno kwa kulifungia ndani ya mambo ya kale ni kuiziba dohani kwa zege. Ukuta unabaki, hewa haipiti. Mwenye kulipenda neno alitoe nje, alipe kazi ya leo, alione kama litaibeba.

Lakini yapo yasiyoweza kubebeshwa kazi mpya, nami sitaki kudanganya. Kupalia ni moja. Mama yangu alipokaribia kuivisha wali aliukusanya mkaa uliokolea akauweka juu ya mfuniko, wali ukapata moto wa juu na wa chini, na ukoko ukatoka mwembamba kama karatasi. Juu ya jiko la gesi hakuna cha kupalia. Mke wangu hupunguza mwali na kufunika kwa kitambaa, na wali huiva vizuri, lakini hilo si kupalia. Neno kama hili tulifundishe kama historia, kwa uaminifu, tukimwambia mtoto: hivi ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu tunasema fulani anampalia mwenzake makaa. Asiyekuwa na makaa anaweza kuonyeshwa makaa. Hata shuleni mkaa mmoja na mfuniko mmoja vinatosha kwa kipindi cha dakika 40.

Nina mapendekezo matatu, nayo si ya gharama.

Kwa walimu wenzangu mlio kazini: kabla ya kufundisha methali, fundisheni chombo chake. Watumeni wanafunzi kwa bibi zao wakaulize majina ya vitu na vitendo vya jikoni: kuteleka, kuinjika, kuepua, kuchochea, kupalia, masizi, uchaga, na jifya ambalo ndilo figa kwa watu wengine wa pwani. Wakija na majina yanayotofautiana, ndiyo furaha ya somo.

Kwa wanaotunga istilahi, wa BAKITA na wa vyuo vikuu: hivi sasa madukani kuna kile chombo cha umeme kinachofungwa juu ya jiko kuvuta mvuke na harufu. Wauzaji hukiita kwa jina la Kiingereza, na mafundi hukitamka kila mmoja kwa namna yake. Kabla hatujakitungia jina jipya, naomba tuulize kwanza mlangoni kwa dohani. Kinavuta kinachopanda jikoni na kukitoa nje. Kwa nini kisiitwe dohani ya umeme?

Kwa washairi: andikeni juu ya jiko mlilonalo. Semeni gesi, semeni mtungi uliokwisha siku ya Idi wageni wakiwa ukumbini, semeni bei yake inavyomrudisha mama kwenye mkaa mwisho wa mwezi, maana hilo nalo ni kweli na linauma. Ndani ya ukweli huo yaingizeni maneno ya kale yafanye kazi. Yatapumua.

Mjukuu wangu, aliye kidato cha kwanza, aliniomba nimtungie beti moja ya mizani 16 ili ajue vina vya kati na vya mwisho vinavyokaa. Nilimtungia tukiwa tumeketi uani, mbele ya kazi iliyomalizika:

Nakusifu e dohani, ulitubebea moshi,
Miaka mingi jikoni, kwa kimya bila ubishi,
Leo gesi i mezani, kuni tena hatuwashi,
Kaa papo ukutani, kazi yako haiishi.

Alihesabu mizani kwa vidole, akaona imetimia. Kisha akauliza, "Babu, mbona gesi ni mezani na jiko letu liko chini ya dohani?" Nikamwambia kina kilinibana. Akasema basi si kweli. Nimekubali kosa, na beti nimeiacha hapa na dosari yake ili nanyi mnisaidie kuirekebisha.

Mke wangu anakohoa bado, ila si kama zamani, na usiku analala. Jana jioni alisimama mbele ya jiko akikoroga mchuzi, mvuke ukapanda, ukakata kona ndani ya tumbo la dohani na kutoweka. Aliutazama, kisha akaniambia, "Sasa unaweza kuliandika lile shairi lako upya."

Nimeanza.